Shajara ya mradi: RAV4 ya 2004 inayomweka taa ya cheki injini, Mtwara

Gari lenyewe

Toyota RAV4 ya mwaka 2004, injini ya petroli 1AZ-FE ya lita 2.0, gia za mkono. Liliingia nchini likitokea Uingereza, kwa hiyo dashibodi inasoma maili: 118,000, yaani karibu kilomita 190,000. Kazi yake ni kubeba samaki kutoka feri ya Mtwara kwenda Masasi, na mara nyingine kupandisha hadi Newala. Linalala Shangani, jirani kabisa na bahari, na injini huoshwa kwa maji ya presha kila likirudi na harufu ya shombo. Mambo hayo mawili yana sehemu yake kwenye tatizo hili.

Malalamiko ya dereva: tambarare gari linakwenda vizuri, lakini likianza kupanda uwanda wa Makonde kutoka Masasi likiwa na mzigo, injini inamisi (silinda inakosa kuwaka), nguvu inakatika na taa ya cheki injini inamweka, yaani inawaka na kuzima. Akiachia mafuta taa inatulia, kisha inabaki imewaka moja kwa moja. Kabla ya kufika kwetu lilikuwa limebadilishiwa pampu ya mafuta na sensa ya oksijeni ya mbele bila kupimwa chochote, na hali haikubadilika hata kidogo.

22 Februari 2025: kusoma kabla ya kugusa

Taa iliyowaka ikatulia na taa inayomweka si jambo moja. Kompyuta ya injini inasoma mwendo wa krenki (mhimili unaozungushwa na silinda) kwa sensa yake. Kila silinda ikiwaka, krenki inasukumwa. Isipowaka, krenki inapungua kasi kwa kitambo kidogo sana, na kompyuta inaihesabu hiyo. Ikihesabu kumisi kwingi ndani ya mizunguko 200, kiasi cha petroli mbichi kwenda kuungulia kwenye ekzosi na kuyeyusha masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), ndipo taa inamweka. Kumisi kidogo kunakojirudia huwasha taa ya kutulia tu. Kwa hiyo ikimweka, achia mafuta, punguza mwendo, na usilazimishe mlima. Ukiendelea kukanyaga, kasoro ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ya elfu sitini inageuka kuwa kasoro ya masega ya mamia ya elfu.

Usichomoe betri ili "kufuta taa". Unafuta kodi (namba za kasoro), na unafuta pia picha ya hali iliyokuwapo wakati kasoro inatokea, ambayo ina thamani kuliko kodi yenyewe. Hilo ndilo lililokuwa limefanyika kwenye gari hili, hivyo ilibidi lipandishwe tena mlimani kwa uangalifu hadi kasoro ijirudie.

Kifaa tulichotumia kusoma kodi ni ELM327 ya Bluetooth ya shilingi 25,000 pamoja na programu ya simu. Kodi zilizotoka ni P0300 (kumisi kwa silinda zaidi ya moja) na P0303 (silinda ya tatu). Picha ya wakati ule ilisema: mizunguko 2,750 kwa dakika, mzigo wa injini asilimia 81, maji nyuzi 93, mwendo kilomita 58 kwa saa.

Namba hizo zinaelekeza mahali. Injini inayomisi ikiwa moto, ikiwa kwenye mzigo mkubwa, lakini haimisi kwenye silensa (ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), kwanza inashukiwa kwenye cheche. Mgandamizo ndani ya silinda ukipanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka mwanya wa plagi, na koili iliyochoka au njia inayovujisha umeme inashindwa hapo hapo. Inayomisi kwenye silensa peke yake na kutulia ukikanyaga, tazama hewa ya pembeni (inayonyonywa nje ya njia yake), nozeli (zinazonyunyiza petroli), valvu na kompresheni.

Angalizo kuhusu marekebisho ya mafuta ambayo programu inaonyesha: wakati injini inamisi, oksijeni isiyoungua inafika kwenye sensa, na kompyuta inadhani mchanganyiko ni mwepesi, ikaongeza mafuta. Asilimia kubwa ya kuongeza ukiisoma wakati huo inadanganya. Isome gari likiwa limetulia. Hapa ilikuwa asilimia 3 tu, hivyo kunyonya hewa ya pembeni kukawekwa kando.

Kwa wenye magari yaliyotoka Japani moja kwa moja, ambayo ndiyo mengi Mtwara na Lindi: mengi ya zamani hayasomeki kwa ELM327 hata kama soketi ya pini 16 ipo, kwa sababu yanatumia lugha ya soko la kwao. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani kabla hujakata tamaa na kuanza kubahatisha spea.

24 Februari: koili na plagi ya silinda ya tatu

Silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa cheni, kulia kwa gari. Hesabu kutoka hapo. Kila koili inashikwa na bolti moja ya namba 10.

Koili ya tatu ilipotoka, raba yake ilikuwa imelowa oili hadi nusu. Mrija wa nne ulikuwa na unyevu kidogo, wa kwanza na wa pili mikavu. Usifungue plagi mrija ukiwa na oili, kwa kuwa oili yote itamwagikia ndani ya silinda. Tulivuta kwa bomba la sindano lililofungwa kipande cha mpira mwembamba, kisha tukafuta kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi.

Plagi ya tatu ilistahili kutazamwa kwenye mwanga wa jua. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa kalamu, ukishuka kutoka kichwani hadi kwenye chuma cha kufungia. Hiyo ndiyo njia ambayo umeme ulikuwa unakimbilia badala ya kuruka mwanya. Ndani ya raba ya koili, mkabala na mstari huo, kulikuwa na alama nyingine inayofanana nao. Hizi mbili huambukizana: ukiweka plagi mpya kwenye raba yenye alama, plagi nayo inachorwa, na kinyume chake. Mwanya ulikuwa milimita 1.4 badala ya 1.1. Plagi zote nne zilikuwa za kawaida zilizopitiliza muda, wakati injini hii inataka za iridiamu.

Hata ushahidi ukiwa wazi namna hiyo, hamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Koili ya tatu ilipelekwa silinda ya pili, ya pili ikaja ya tatu, plagi zikabaki palepale. Kodi zikafutwa, gari likapelekwa kwenye mzigo. Ikaja P0302. Kumisi kumeifuata koili, kwa hiyo koili imekufa. Ingebaki P0303, tungehamisha plagi, halafu nozeli.

Vipimo viwili vya mtaani tunaomba viachwe. Cha kwanza ni kupima koili ya pini nne kwa mita ya omu: ndani yake kuna saketi ya kielektroniki, na mita haikuambii chochote cha maana. Cha pili ni kuchomoa koili injini ikiwa inawaka na kutazama cheche ikirukia chuma. Koili inaumia, fundi anaweza kupigwa shoti, na muda wote huo petroli mbichi inaingia kwenye masega.

1 Machi: koili mpya iliyoshindwa

Plagi nne za iridiamu, Denso SK20R11, shilingi 28,000 kila moja. Zinakuja na mwanya tayari, usizigonge wala kuzipanua. Zimefungwa kwa takriban Nm 19. Usipokuwa na toki renchi, zungusha kwa mkono hadi ikae, kisha nusu mzunguko kwa spana, injini ikiwa imepoa.

Koili ilinunuliwa mpya mjini kwa shilingi 35,000, kwenye boksi linalofanana na la kampuni. Mjini injini ikawa laini. Kwenye mlima wa Newala taa ikamweka tena, P0303.

Tuliziweka mezani ile ya zamani na hii mpya. Mpya ilikuwa nyepesi mkononi. Maandishi ya Denso juu ya ile ya zamani yamechongwa na kingo zake ni kali. Kwenye mpya yamepigwa rangi na yanafutika kwa kucha. Pini zake ni nyembamba, na raba ni laini kiasi cha kujikunja ukiiminya. Ikipoa inafanya kazi, ikishika joto la injini kwa muda inaanza kukatika, ndiyo maana mjini haikujulikana. Muuzaji hakuipokea tena.

Badala yake tuliagiza Kariakoo koili ya mtumba, Denso, yenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya koili ya gari. Shilingi 60,000, na 5,000 za kuipakia kwenye basi la Mtwara. Kwa koili za gari la umri huu, mtumba orijino ni bora kuliko mpya isiyojulikana asili yake. Mwambie anayekununulia akutumie kwanza picha ya namba, ya pini na ya ndani ya raba. Raba iliyopasuka au yenye mstari mweusi, akatae.

8 Machi: oili kwenye mirija ya plagi

Koili haikufa bure. Oili iliilainisha raba, raba ikavimba na kuachia, umeme ukapata njia. Kubadilisha koili bila kuziba oili ni kuinunulia ya pili kaburi lile lile.

Tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ilifunguliwa. Gasketi ya pembeni na sili za mirija zilikuwa zimekauka ngumu kama plastiki. Seti nzima 65,000. Hakikisha dukani kwamba sili za mirija zimo kwenye seti, maana mara nyingi huuzwa peke yake na mtu anagundua kava ikiwa imeshafunguliwa. Kwenye maungio mawili ya kava ya cheni na kichwa cha silinda lazima uweke tone la silikoni, vinginevyo oili itatokea hapo. Safisha mafuta yote kwanza, weka tone, funga kava kabla silikoni haijakauka, na subiri saa kadhaa kabla ya kuwasha. Bolti zinakazwa kwa hatua, kwa kupishana, na kwa nguvu ndogo, takriban Nm 10. Ukizidisha unaikunja kava na inavuja kuliko mwanzo.

Kilichosukuma oili ni valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa injini. Tulipofungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, hewa ilisukuma kiganja. Valvu ikitolewa na kupulizwa upande wa injini, hewa inapaswa kupita kirahisi. Hii ilikuwa imeziba kwa uchafu ulioganda. Mvuke wa injini ukikosa njia ya kurudi kwenye manifodi, unasukuma oili kwenye kila sili dhaifu. Valvu mpya 18,000. Ni spea ndogo ambayo karibu hakuna anayeikumbuka, na ikiachwa, gasketi mpya haitadumu.

12 Machi: sasa inamisi kwenye silensa

Mlimani gari limepona kabisa. Lakini sasa, likisimama likiwa moto, kiyoyozi kimewashwa na feni ya rejeta inazunguka, silensa inatikisika na taa inawaka ya kutulia. P0303 tena.

Dalili imehama kutoka kwenye mzigo kwenda kwenye silensa, na hiyo inatosha kusema hii ni kasoro nyingine ndani ya silinda ile ile. Koili na plagi zilihamishwa kwa zamu. Kumisi kukabaki silinda ya tatu. Nozeli ya tatu ilipimwa omu 13.8, ndani ya kiwango cha 13.4 hadi 14.2 injini ikiwa imepoa. Ikahamishwa nayo, hakuna badiliko.

Kompresheni ilipimwa injini ikiwa moto, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, throto imefunguliwa yote. Kilo 12.6, 12.4, 12.5 na 12.3 kwa sentimita ya mraba. Tofauti kati ya silinda haikufika kilo 1, kwa hiyo ringi na valvu zimepona. Kipimo hiki hatukutaka kukiruka kwa sababu ya pili: injini za AZ za miaka hiyo zina udhaifu unaojulikana wa nyuzi za bolti za kichwa kuachia upande wa nyuma, maji yakaanza kupungua kimya kimya. Maji ya rejeta hapa hayapungui na nyuma ya bloku pakavu.

15 Machi: soketi ya koili

Koili nzuri, plagi nzuri, nozeli nzuri, kompresheni nzuri. Umebaki waya.

Injini ikiwa kwenye silensa, nyaya za kila koili zilitikiswa kwa kidole. Kwenye ya tatu injini ikapiga chafya palepale. Kisha ethi (waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ikapimwa: ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwa sindano nyuma ya soketi kwenye waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao kwa Toyota ndio ethi. Injini ikiwa inawaka, kipimo kizuri ni chini ya volti 0.1. Koili nyingine zote zilisoma kati ya 0.03 na 0.05. Ya tatu ilisoma 0.6 huku ikirukaruka.

Soketi ilipochomolewa, kufuli yake ya plastiki ilikuwa imevunjika, na ndani, kwenye pini ya ethi, palikuwa na unga wa kijani. Hewa ya chumvi peke yake huchukua muda mrefu kufanya hivyo. Maji ya presha yaliyoelekezwa juu ya injini moto huharakisha: yanaingia kwenye soketi isiyofunga vizuri na hayatoki. Huenda kufungua na kufunga koili kwa ajili ya majaribio kuliilegeza soketi iliyokuwa tayari inakufa, ndiyo maana dalili hii ilijitokeza baadaye.

Kukwangua unga huo hakusaidii, kutu inarudi. Tulikata soketi ya mtumba ikiwa na nyaya zake sentimita 10 (shilingi 10,000), tukaunganisha waya mmoja mmoja kwa kulehemu kwa risasi na kuvika mpira wa kusinyaa kwa moto. Maungio yalipishanishwa urefu ili yasikae mahali pamoja. Usisokote waya na kufunga selotepu kwenye injini: ndani ya msimu mmoja wa mvua utarudi pale pale. Kabla ya kufunga, grisi ya umeme kidogo ilipakwa kwenye sili ya soketi zote nne. Ethi ikasoma 0.04, silensa ikatulia na kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

22 Machi: je, masega yamepona?

Gari lililoendeshwa taa ikimweka lazima likaguliwe masega, hata kama kumisi kumekwisha. Sensa ya oksijeni ya mbele ilitolewa na geji ya presha ikafungwa kwenye tundu lake. Silensa chini ya psi 1, mizunguko 2,500 chini ya psi 2. Kikifika 3 hapo, masega yameziba. Sensa ilirudishwa na ile ya nyuma ikasomwa: imetulia karibu volti 0.7, haichezi juu na chini kama ya mbele. Masega yanafanya kazi.

Wapo watakaokushauri uyatoe "gari lipumue". Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na anayekutolea bure anajua anachokichukua. Kama hayajaziba, yaache.

29 Machi: Newala na mzigo

Masasi hadi Newala, gari limejaa, mchana wa jua. Mlima wote kwa gia ya tatu na ya pili bila kumisi. Hakuna kodi, hata zile zinazosubiri kuthibitishwa. Baada ya kazi ya aina hii soma hizo zinazosubiri, kwa kuwa taa inaweza kuwa imezima huku kompyuta imeshaanza kuhesabu upya.

Gharama

ELM327 25,000; plagi 112,000; koili iliyoshindwa 35,000; koili ya mtumba na basi 65,000; gasketi na sili 65,000; PCV 18,000; silikoni 8,000; soketi 10,000; risasi na mpira wa kusinyaa 5,000; grisi ya umeme 7,000; ufundi 60,000. Jumla 410,000. Pampu na sensa za mwanzo hazimo, nazo pekee zilimgharimu mwenye gari zaidi ya hii yote.

19 Aprili: ukaguzi

Mirija yote ya plagi mikavu, ukiwamo wa nne. Kiwango cha oili hakijashuka tangu gasketi ifungwe. Ethi ya koili ya tatu bado 0.04, lakini ya nne imepanda hadi 0.09 na kufuli yake imeanza ufa. Soketi nyingine tatu zimeagizwa na zitabadilishwa kwa pamoja. Injini sasa inafutwa kwa kitambaa chenye maji, mashine ya presha imepigwa marufuku kwenye boneti.